Sanduku la Kumi na Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko kwenye kisima cha mafuta? Kile kikohozi kimepona, au bado unajifanya daktari? Sisi wazima, Mungu ni mwema, ila moyo wangu hautulii. Kwa kuwa simu haishiki huko, nampa dereva wa kambi yenu barua hii.

Ijumaa nikifagia ghala la mawe yaliyochimbuliwa kisimani kwenu, ngazi iliteleza, sanduku la kumi na tisa likamwagika. Vipande sita chini! Nilivirudisha mbiombio kabla mkuu wa ghala hajaingia. Kisha vikapigwa picha, nawe ukaletewa na dereva. Tangu hapo nasali, lakini nikifumba macho naona mawe. Sina hakika niliviweka kama vilivyokuwa. Wewe ndiye msomi wa miamba: kuna ubaya?

Dada yako

Jumatano, 6 Machi

Dada, shikamoo.

Kikohozi kimeisha, sasa naumwa barua yako. Ubaya upo. Jumamosi tunatoboa bomba la kisima ili mafuta yaingie, na kina cha kutoboa nilikichagua kwa picha hizo. Mafuta yamejificha kati ya chembe za mchanga. Tukikosea hata mita moja, tutatoboa jiwe lisilopitisha kitu, watasema kisima kikavu, na kambi ifungwe.

Papasa vile vipande. Mchanga ule uliletwa na mto wa kale, na mto hutua mzigo mzito kwanza. Penye kukwaruza ni chini, penye ulaini ni juu. Dondosha na tone la maji: jiwe zuri hulinywa papo hapo.

Mkuu usimwambie. Nitasema nilisoma picha vibaya mimi.

Mdogo wako

Alhamisi, 7 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

U mzima? Unakula?

Nimepapasa. Mkwaruzo uko juu. Vyote sita nilivipindua! Tone la juu lilinywewa kabla sijavuta pumzi. La chini likakaa tu, kama shanga.

Ila kusema ulikosea wewe, hapana. Sikukubeba mgongoni utotoni ili uje ubebe dhambi yangu. Nimemwambia mkuu. Alinyoosha mkono nimpe funguo. “Nenda nyumbani, mama. Utaitwa.” Anasema atakujulisha kwa redio ya mawasiliano, lakini sikumwona akiigusa.

Dereva ananipigia honi. Usitoboe kabla hujasoma barua hii... ona, hata akili imeniruka.

Nijibu upesi, hata neno moja.

Dada yako