Dawa ya Muwasho

Mitwero, Lindi

Kaka Bashiru,

Shikamoo. Sisi tu wazima. Mvua zimeanza, na mbuzi wa Mama amezaa mapacha.

Mpaka juzi Mama alikuwa akikusifu kwa majirani. Mikono ilipomwasha kwa utomvu wa korosho, wewe mwanawe ulifunga safari kutoka Nangurukuru ukamletea piriton. "Nililala mchana kutwa kama mtoto mchanga," aliwaambia. Hakujua kwamba ulimpa vidonge vinne kwa mara moja badala ya kimoja. Jioni ile nilimwosha dole gumba lililokuwa jeusi, nikadhani ni masizi ya jikoni.

Jana akaja mgeni na karatasi ya mauzo ya shamba letu. Alama ya dole ni ya Mama, na shahidi ni wewe. Dawa ile inalewesha, kaka, na ulijua.

Nilimweleza Mama. Akasema, "Bashiru nimemzaa mwenyewe. Simshtaki."

Namheshimu Mama, lakini mimi sikukuzaa. Jumatatu nakwenda baraza la ardhi.

Ni mimi, mdogo wako,
Kidawa