Pikipiki ya Bibi Harusi

Jumatatu, 12 Mei

Siku ya kumi na saba ya ndoa! Bado nikiandika "mume wangu" kalamu inacheka. Mume wangu, mume wangu, mume wangu. Basi.

Leo asubuhi, mdomo umejaa mkate, Reino katangaza: fungate hatuendi ufukweni. Ananinunulia pikipiki ya msituni! Nilipiga kelele hadi kahawa ikamwagika.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu ukoo mzima wa Kangas unakatiza msituni kwa pikipiki, toka kwa wakwe hadi ziwani. Maili thelathini za mizizi, matope na vijito. Asiyeendesha hupanda gari la chakula. Miaka yote miwili ya uchumba nimekaa humo na mama mkwe, Mama Helmi, tumekumbatia masufuria, tukisikiliza ngurumo zao zikipotea mitini. Mwaka huu hapana! Mwaka huu niko nyuma ya Reino wangu, nakula vumbi lake. Vumbi tamu!

Jumatano, 14 Mei

Tumeiona. Nyekundu. Lo!

Ni ya Vern, rafiki yake Reino aliyekuwa akishindana uwanjani. Reino hata hakumsalimia — moja kwa moja akaweka kiganja kwenye injini. Baridi. Akatabasamu. Ukiikuta injini ina moto, anasema, jua muuzaji kaiwasha kabla hujafika ili asikuonyeshe inavyosumbua kuwaka. Mimi nilikuwa nakitazama kiganja tu. Ndicho kilichonishika shavu kanisani. Nimeolewa na mtu mwerevu!

Nikapanda. Mama yangu! Miguu ilining'inia kama soksi kwenye kamba. Ncha ya kidole gumba kimoja ikagusa ardhi, mguu wa pili ukapapasa hewa. Vern akakuna kichwa: shemeji, hii ni ya kuruka vilima uwanjani, haina taa, haina hata stendi. Msituni kila mara unasimama, na usipofika chini itakulaza. Reino akamkatisha — atazoea! Macho yanamng'aa kama ya mtoto siku ya Krismasi. Nikasema inanifaa kabisa.

Uongo wangu wa kwanza ndani ya ndoa. Mdogo. Wa mapenzi.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua. Nilimwota Reino, na alikuwa hapo hapo pembeni yangu. Naona nimezidi.

Jumamosi, 17 Mei

Wifi Kaisa kaja na kipikipiki chake cha kijani, anataka kukiuza. Hata hajashuka: "Wifi, umeolewa na kaka yangu au na ngazi? Maana kwa ile nyekundu utaihitaji." Nikamjibu, heri ngazi kuliko kibaiskeli. Akanirushia kofia ngumu: haya panda, mdomo huo!

Kilinizimikia mara nne. Mara ya tano klachi na mimi tukaelewana, nikaingia kati ya misonobari. Kiti kiko chini, nyayo zote mbili zinafika, shokapu laini. Kwenye mizizi kinapanda taratibu, tiki-tiki-tiki, kama mbuzi. Nikikwama natua miguu, nasukuma, naenda! Nilicheka peke yangu msituni hadi nikameza inzi. Wawili!

Reino alitazama amekunja mikono. Hiyo ni ya kujifunzia, mpenzi, mwezi haupiti utaichoka. Anataka twende sambamba, mimi na yeye.

Sambamba! Nani atabishana na mwanamume anayesema sambamba?

Jumapili, 18 Mei

Kwa wakwe. Sauna kwanza, kuoga mvuke, halafu pasti za Mama Helmi, vile vimkate vya kukunja, zimeshiba nyama na viazi. Tulizikunja pamoja jikoni. Nikamwuliza, mzaha tu, mbona yeye hapandi pikipiki.

Akaendelea kubana kingo za unga. Akasema aliwahi kupanda. Mwaka ule alioolewa. Baba mkwe alimchagulia nzuri, ndefu. Kwenye kijito cha kwanza alisimama, mguu haukufika chini, ikamlalia majini. Hakuumia sana. Ila hakupanda tena. Miaka thelathini na moja kwenye gari la chakula!

Nikauliza kwa nini hakusema tangu mwanzo kwamba ni ndefu.

"Alikuwa na furaha mno, mwanangu. Nikaona haya kumharibia."

Nimeandika mstari huo nikakaa tu, nikiutazama.

Jumanne, 20 Mei

Kaileta! Vern kampa aijaribu wiki nzima. Na usukani kaufunga utepe mweupe — ule wa gari letu la harusi! Moyo uliyeyuka. Nusura niyameze maneno tena.

Nikamshika mkono. Reino, ni nzuri, lakini sifiki chini. Hata siku ile sikufika, nilikudanganya. Nataka ya kijani. Na kwa kuwa mdomo ulishafunguka, nikamwambia na ya mama yake, yote, hadi kijito. (Mama Helmi atanichinja!)

 Nikajua nimeshaivunja ndoa, siku ya ishirini na tano.

 Reino akaipanda nyekundu mwenyewe, akakunja miguu juu isiguse chini, akakaa hivyo. Ikayumba huku. Ikayumba kule. Ikamtupa kwenye kuni! Nikakimbia. Amelala juu ya magogo anatazama mawingu. Akasema siku zote baba yao aliwaambia Mama hapendi tu. Hapendi kelele. Na wao wakaamini.

Kisha akanibusu mkono, na gome la mti nywelani, akasema ngoja ampigie Kaisa asije akakiuza. Kijani ni changu! CHANGU!

Sasa yuko bandani, simu sikioni, lakini si Kaisa huyo. Namsikia toka dirishani: Mama, ukisimama bila viatu, mguu kwa ndani ni inchi ngapi? … Nijibu tu, Mama. … Nimpime mke wangu? Hapana, nakuuliza wewe!

 Anazunguka zunguka, anapiga teke vibanzi vya kuni. Mama, wewe si mzee. … Chakula ataleta Baba! Ndiyo, Baba! Anajua kuendesha gari, hajui?

 Kasimama, anasikiliza. Kaniona, kanyanyua kidole, ngoja. Kaifunika simu kifuani, anakuja dirishani, macho yamejaa maji na meno yote nje. Ananong'ona:

Mama anauliza pikipiki zipo za rangi gani —