Aliyekuwa Akicheza kwa Jina Lako

Aboowe Yusuf, kaka yangu mkubwa,

Ilikuwa Ijumaa, saa ya swala, soko la Garissa limenyamaza na mimi niko peke yangu dukani. Nilifungua ile gemu yetu, nikaona jina lako limewaka kijani. Mtu mwingine angepiga kelele. Wewe ulikuwa umezikwa Griftu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama na wanawake wenzangu tukipokea waombolezaji mpaka miguu ikafa ganzi. Lakini sikuwaza mzimu. Niliwaza mwizi.

Unanijua. Ulizoea kusema kwamba hooyo alinizaa nikiwa nimekunja jicho moja. Mteja akisifu kitambaa kabla hajauliza bei, namshuku. Mume wangu akirudi na nyama bila kutumwa, namshuku zaidi.

Hata gemu yenyewe niliishuku siku uliponiwekea. Ulikuwa umekuja likizo kutoka shule uliyokuwa ukifundisha kule Griftu, umeketi kwenye mkeka katikati ya marobota ya vitambaa, vidole vinacheza juu ya simu yangu. Nikakuuliza, "Hii si kamari?" Ukasema si kamari. "Hawa wanaoshuka na ndege wanapigania nini?" Ukasema hawapigani kwa ajili ya chochote, anayebaki wa mwisho ndiye mshindi, halafu wote wanaanza upya. Nikasema basi huo ni wazimu. Ukacheka, ukaniambia maneno ambayo nimeyaweka moyoni: "Sahra, nikikupigia simu tunaulizana habari za mbuzi na watoto, halafu tunanyamaza. Huku hatutanyamaza."

Ukauliza nijiite nani. Nilikuwa nimeshika kikombe, nikasema Chai ya Rangi, likapita. Kisha nikakuapisha usimwambie mtu. Mama mkwe wangu anaishi kwangu, na sikutaka asikie kwamba mke wa mwanawe anapigana na wanaume kwenye simu. "Hata Hodan nisimwambie?" uliuliza. Nikasema hata mkeo.

Mimi sikuwa mchezaji, aboowe, nilikuwa mpita njia. Sikujua majina ya bunduki. Mteja akiingia niliweka simu chini, nikamkunjulia gauni la baati na shashi ya kichwani, nikirudi nakuta nimekufa zamani na wenzangu wametukanwa kwa ajili yangu. Yule kijana wa Mombasa anayejiita Papa, ambaye kwake gemu ni kazi na dini, alikuwa akilia: "Jamani, huyu dada ni mtalii! Mtoeni!" Nawe ukamjibu kwa upole wako wa darasani, "Mwache. Msafara wa ngamia hauendi na wapiganaji peke yao." Nikianguka ulikuja kuniinua, hata risasi zikinyesha. Habari ya hesabu zako, ya mwanafunzi aliyekuchekesha, ya ugonjwa wa hooyo, zote tulizungumza huko, tumejificha nyuma ya nyumba isiyokuwa ya mtu.

Halafu homa ile ikakuchukua.

Basi nilipoona jina lako linawaka, nilianza upelelezi. Kwanza nilidhani simu iliibwa wakati wa mazishi, watu walivyokuwa wengi. Nikauliza kwa ujanja, nikaambiwa simu iko kwa Hodan. Hapo nikaanza kumshuku yeye.

Nitasema ukweli ambao ulikuwa ukiujua. Sisi wa Garissa hatukumwelewa mkeo. Alikuja kutoka Bute, mpole kupita kiasi, hacheki, akikaa nasi hujibu kwa neno moja. Ulipofariki, mashaka yakapata chakula. Adeer Mohamud, ndugu yake aabo, baba yetu, alitaka watoto waletwe Garissa walelewe na watu wao. Alichokosa ni sababu tu. Alinipigia dukani: "Huyo mke wa marehemu, hakuna kitu umesikia? Mwanamke wa eda anatakiwa atulie. Ukisikia kitu, niambie mimi kwanza."

"Sijasikia, adeer," nilisema. Lakini nilikuwa nimeona. Wakati huohuo kitone cha kijani kilikuwa kinawaka, na aliyekuwa ndani yake alikuwa akizunguka na wanaume asiowajua, mume wake hata kaburi halijatulia. Nilikata simu nikiwa na neno hilo mdomoni kama tende niliyoshindwa kumeza. Ningelisema, watoto wako wangehamishwa wiki hiyo.

Niliamua kuhakikisha kwanza. Alasiri moja mwaliko ukanijia kutoka kwenye jina lako. Ni yeye aliyeniita, si mimi! Nikakubali. Tukashuka na ndege sisi wawili, na hapo hapo nikajua kwamba huyu si mchezaji. Alitua juu ya mti. Akashuka, akaingia ukutani, akabaki anausukuma ukuta. Hakupiga risasi hata moja. Alinifuata tu. Nikienda kushoto, naye kushoto. Nikisimama, anasimama nyuma yangu. Nguo zilikuwa zako, koti lile la kijani na kofia uliyoshinda mwaka jana, na mwendo haukuwa wako.

Hakusema kwa sauti, nami sikusema. Nikaandika: "Wewe ni nani?"

Akajibu: "Wewe nani kwanza?"

Nikamtega. "Kama wewe ni Yusuf, ayeeyo alikuwa anakuitaje?" Jina hilo la utani alilokupa bibi yetu halijui mwizi wala mwalimu mwenzako.

Alikawia, kisha likaja: "Madaxey."

Yaani kichwa kikubwa. Nilikaa kitako juu ya robota. Basi ni yeye, ni Hodan, na adeer alikuwa na haki. Nilikuwa naandaa maneno ya kumchoma, lakini yake yakatangulia.

"Mimi nimejibu. Sasa wewe jibu. We ni mwanamke?"

"Ndiyo."

"Mpaka jina ya ayeeyo alikupa?" Kisha, kabla sijashika pumzi: "Chai ya Rangi, wewe na bwana yangu mlikuwa na nini?"

Tulipigwa risasi wote wawili pale pale tukiwa tumesimama uwanjani kama nguzo, na hakuna aliyejali. Nilimpigia simu ya kawaida. Alipokea pua imeziba kwa kilio.

"Abaayo Sahra, dada yangu, nitakupigia baadaye. Niko na shida kidogo."

"Shida yako naijua," nikamwambia. "Chai ya Rangi ni mimi."

Nilimsikia mbuzi analia uani kwake. Halafu Hodan akacheka. Miaka yote ya ndoa yenu sikuwahi kumsikia akicheka, na kumbe anacheka kwa sauti nene, kama mwanamume mzee. Alicheka mpaka kicheko kikapasuka kikawa kilio, nami nikalia naye huku mteja amesimama mlangoni hajui aingie au aondoke.

Kisha akanieleza. Ulikuwa unarudi kutoka shuleni umechoka, huneni. Ukishaweka vile vidude masikioni, unacheka. Anakuuliza unacheka na nani, unamjibu, "Na mtu wa timu." Siku moja aliona jina langu juu ya kioo. "Nikasema, mtu gani wa timu anaitwa Chai? Huyo ni mwanamke. Nilinyamaza, abaayo. Alipokufa nikasema, nitamtafuta ndani ya simu mpaka nimpate, nimwulize usoni." Ndiyo maana alijifunza kushuka na ndege. Hakuwa akitafuta wanaume. Alikuwa akinitafuta mimi.

Lakini alipomaliza aliongeza kitu kilichoniuma. "Kwa hivyo kicheko alikupa wewe. Mimi alinipa kimya." Nilikushuku hapo, Yusuf. Nilikaa siku kadhaa nikijiuliza kama gemu yetu ilikuwa imekula haki ya mtu.

Tulikubaliana kwamba Papa lazima aambiwe. Tukaingia sote, Hodan akiwa kwenye jina lako, na safari hii tukafungua sauti. Niliongea mimi. Nikamwambia kwamba mwenye jina hili alirejea kwa Mola wake.

Yule kijana mwenye mdomo mrefu alishusha sauti. "Inna lillahi," akasema. "Nami nilimtukana nikidhani ametukimbia." Kisha akauliza ni nani anayetumia jina. Hodan akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi. Bibi yake."

"Ah, ni wewe?" Papa akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unatuvunjia timu! Samahani, shemeji, lakini jamaa alikuwa akinitia hasira. Tumebaki wawili, ushindi uko mlangoni, yeye anasema, 'Mke wangu ameniita, chakula kiko tayari.' Anaweka bunduki chini, anaondoka! Nikamwambia, ustadhi, wewe si mchezaji. Akanijibu, 'Kweli kabisa. Huku napita tu. Kwangu ni kule ninakoitwa.'"

Mimi, ndugu yako wa damu, ulikuwa ukiniambia ni mtandao wa Griftu umekatika! Mwongo mkubwa. Nikaulaani mtandao huo miaka miwili.

Hodan akatoka kwenye gemu. Baadaye alinipigia. "Abaayo, nilikuwa namwita kwa ukali," akasema. "Nilidhani anakuja kwa sababu anaogopa kelele." Sauti yake ilikuwa imelegea, kama mtu aliyetua mzigo njiani na bado hajaamini.

Adeer alipopiga tena, nilimwambia nimechunguza mwenyewe, na unajua nikichunguza nachunguza. Nikasema watoto wabaki kwa mama yao. Alinung'unika, akauliza nina uhakika gani. Nikamwambia, "Adeer, mimi humshuku hata imamu. Huyu nimeshindwa." Akakubali, kwa shingo upande.

Sasa eda imekwisha. Juzi Hodan aliniuliza kama ni vizuri kuendelea kuingia kwa jina la maiti. Nilijua siku hiyo itafika, lakini kujua hakukunipunguzia uchungu. Nikamwambia afanye anavyoona. Nilikuwa nimeshika simu alipolibadilisha: jina lako likazimika, na pale pale likawaka jingine, Mama Ilhan, kwa jina la mtoto wenu. Nililia dukani, nikifuta machozi kwa kitambaa cha kuuza.

Lala salama, aboowe. Mola akupanulie ulipo na akuwekee nuru. Nimekusamehe uwongo wa mtandao. Lakini mtu aliyeweza kutuficha sisi wawili kwa ustadi namna hii, sidhani alificha hayo tu. Kama kuna lingine tutalijua, maana siku hizi wanaokuchunguza ni wawili.

Mdogo wako aliyekufuata ziwa,
Sahra