Eda ya Baba

Mambrui, Jumatatu

Kwa mwanangu Abdulghani,

Assalaam aleikum. Pokea salamu zangu wewe, mkeo na wote walio hapo Mombasa. Mimi ni mzima, goti tu linanisumbua, na usinitajie tena mafuta ya dukani. Fahima, mjane wa ndugu yako, hajambo. Yungali ndani na eda yake, na Ijumaa hii inakwisha. Barua hii nitampa Simeon wa vifurushi akutie mkononi. Simu sitaki, maana simu ndiyo iliyotuingiza humu.

Kila siku waniambia watoto watasahau. Hawakusahau. Tangu marehemu Taufiq agongwe na lori, wamebuni mchezo wao. Mahira ana miaka kumi, Shekha mitano. Walimwona mama yao hatoki, hajipambi, hatii manukato, wakaambiwa anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Shekha akauliza, na baba je? Dada yake akamjibu kuwa baba naye anakaa eda, ila wanaume eda zao huzikaa mbali. Zikiisha, watatoka wote wawili siku moja.

Mimi nikacheka, nikaona upuuzi wa watoto. Kumbe wanachora mistari ya makaa nyuma ya mlango wa jikoni, kila siku mstari. Wanamsemesha ukutani: baba umeoga, baba umekula? Shekha hutega sikio, kisha akatuambia baba amesema samaki wa leo amezidi chumvi. Na kweli alizidi.

Sasa sikiliza kosa lako. Wiki iliyopita ulipopiga simu yangu, aliyepokea ni Shekha. Sauti yako na ya ndugu yako ni moja, tangu mbaleghe watu huwachanganya. Alipokuita baba, wewe ukadhani lile "mdogo" la "baba mdogo" amelimeza, ukaitika. Akakuuliza utakuja lini. Ukamjibu, mwanangu, eda ya mama ikiisha tu, nipo mlangoni. Hukuuliza mtoto anamtaka nani! Mtu mzima na ndevu zako.

Tangu siku ile hashikiki. Kanzu ya Taufiq ameitoa sandukuni, kaianika. Jana Mahira alinifuata uani, akanishika leso, akaniambia yeye anajua baba amekufa, alijua tangu mwanzo; mchezo alimtungia mdogo wake apate kulala. Sasa anaogopa. Akaniuliza, Ijumaa ukibisha hodi, Shekha akifungua akaona si baba, itakuwaje? Nikamkaripia eti amemwaga maji.

Wewe nimekulaumu vya kutosha. Sasa langu. Simu ilipokatika, Shekha alinijia mbio kuniuliza kama yule ni baba. Nilijua ni wewe, nilikuwa nakungoja upige. Nikamwambia ndiye. Alikuwa hajala siku mbili, Abdulghani, na jioni ile alikula akaongeza. Na mimi pia nilitaka awe ndiye. Basi.

Nitamwambia leo, nikishasali alasiri. Nimeacha nafasi hapa chini nikuandikie yatakayokuwa.


Nimemwambia. Nilimpakata, nikasema baba hana eda, baba amekufa, tumemzika, na bibi alikudanganya. Akashuka mapajani. Akaniita mwongo, mbele ya dada yake na mbele ya mama yake. Tangu nizaliwe hakuna aliyeniita hivyo akabaki na meno yake, huyu anayo yote. Wamejifungia chumbani wote watatu, nawasikia. Mimi niko huku nje na kalamu.

Njoo Alhamisi, usingoje Ijumaa. Njoo mchana, na ukifika mlangoni taja jina lako kwanza, kwa sauti, ndipo upige hodi.

Msalimie mkeo, mwambie achari zake zimefika salama. Mungu akulinde njiani.

Mimi mamako,
Mwanakheri