Mkono Uliomshika Farasi

Afrika Kusini,
Novemba 2013

Mama yangu mpendwa,

Mwakeye. Nakuamkia kwa heshima zote, kama vile nimepiga magoti mlangoni kwako hapo Murungu. Mguu unaendeleaje? Filemoni aliniambia kwenye simu kwamba walikufunga plasta hospitalini Kabanga, na kwamba hutaki kukaa chini hata siku moja. Kaa, Mama. Maharage yatapaliliwa na wengine. Mimi na mume wangu tu wazima. Edmundi bado anachomelea mageti kwenye karakana ileile, nami bado niko uwanjani kwenye farasi. Najua Filemoni ndiye anayekusomea. Mdogo wangu, soma polepole, wala usiruke mahali pagumu ukidhani unamhurumia Mama.

Uliniuliza kwa nini watu wazima watoke makwao kwenda kuangalia wanyama wakikimbia. Nilicheka, nikasema nitakueleza siku nyingine. Leo nakueleza, ila sicheki.

Uwanja wenyewe ni mzuri, sikufichi. Majani yake ni mabichi kama kilima cha kwetu wakati wa masika, na uzio mweupe umeyazunguka pande zote. Jukwaa ni la mawe, walilijenga Wazungu waliokuja kufuata dhahabu, Babu akiwa bado hajazaliwa. Jumamosi wanawake huja na kofia pana kama nyungo, familia hutandika shuka na kula chini ya miti, na watoto hupandishwa farasi wadogo. Farasi walioshinda sana wamezikwa bustanini, kila mmoja na jiwe lenye jina lake na maua. Nilipoyaona makaburi hayo mara ya kwanza, nilidhani Kiingereza kimenishinda.

Mimi nilikuwa namtunza jike mmoja mwekundu. Jina lake la vitabuni lilikuwa refu, hivyo nilimwita Tulia. Miaka mitatu nimemsugua, nimemlisha, nimelala bandani kwake alipoumwa tumbo. Alikuwa anaogopa mifuko ya plastiki, basi, lakini radi haikumshtua.

Jumamosi ya juzi alikimbia mbio ya nne. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio na kamba yake ya kumwongozea mkononi. Kwenye kona ya mwisho alikuwa wa pili. Nikamwona anainama, kama mtu aliyekosa ngazi, halafu hayupo. Nilipita chini ya uzio nikakimbia. Kijana aliyempanda alikuwa amekaa kwenye majani, ameshika bega, yeye alipona. Tulia alikuwa anajaribu kusimama kwa mguu ambao chini ya goti ulikuwa unaning'inia.

Watu walikuja mbio na turubai za kijani wakatuzungushia, jukwaani wasione. Daktari wa mifugo akamtazama mara moja tu, akaniambia, "Mshike kichwa."

Nilidhani anataka kumfunga mguu. Nikapiga magoti, nikambembeleza Tulia, "Humura, humura," kama marehemu Baba alivyokuwa akimwambia ng'ombe anayezaa. Daktari akamchoma sindano shingoni. Nilihisi kichwa kinakuwa kizito mapajani mwangu. Sikuwa nimeambiwa kuwa sindano ni ya kumuua, Mama. Nilikuwa bado nasema humura.

Hapo kengele ikalia. Nyuma ya turubai watu walikuwa wanapiga makofi, kwa sababu farasi wa mbio ya tano walikuwa wanatoka.

Kwetu ng'ombe akivunjika mguu kila nyumba itajua, na mwenye ng'ombe atakuja kupewa pole. Hapa hata bia haikuwekwa chini. Nikamuuliza dereva wa gari lililombeba atazikwa wapi. Akasema, "Hazikwi. Anapelekwa kwa simba, kule wageni wanakokwenda kupiga picha." Nilingoja acheke. Hakucheka.

Jumanne usiku Edmundi akaniambia, "Geni, acha hiyo kazi. Tutaishi tu." Nilikuwa nimekubali. Jumatano nikaenda kurudisha funguo na buti.

Nilimkuta Mzee Solomoni, mkubwa wetu mabandani, aliyezaliwa palepale nyuma ya uwanja. Hakunizuia. Akasema tu, "Kabla hujaondoka, njoo uone kitu." Akanipeleka jukwaani, kwenye chumba chenye picha za zamani, ambamo wageni huletwa kusimuliwa historia. Alisema enzi za ubaguzi watu wetu hawakuruhusiwa kukanyaga mle. Walimleta farasi mpaka mlangoni, wakarudi.

Akasimama mbele ya picha ya farasi mweusi, mmoja wa wale wenye kaburi la maua. Chini yake yameandikwa majina: la farasi, la tajiri wake, la aliyempanda. Pembeni, pale picha ilipokatwa, umebaki mkono wa mtu umeshika hatamu. Mkono tu, na kidole kimoja ni kifupi.

"Huyo ni baba yangu," akasema. "Hiyo ndiyo picha yake pekee."

Miaka mitatu nimefuta vumbi la kioo kile kila nikipewa zamu ya usafi, sikuwahi kuuona ule mkono.

Nikamuuliza kama aliwahi kuwaambia wakubwa. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilimshika mkono mzee wa watu, tukaingia ofisini kwa meneja na harufu yetu ya mabanda, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Meneja ni mama wa makamo. Alinyanyuka, akaenda kuitazama picha mwenyewe. Aliporudi alikuwa mwekundu usoni. Akamsogezea Mzee Solomoni karatasi na kalamu, akasema, "Andika jina lake, ili tusikosee."

Mzee aliandika herufi moja moja. Leo asubuhi jina lile liko chini ya kioo pamoja na yale mengine.

Kazi sijaacha. Wamenipa farasi dume mchanga anayeng'ata, na kila nikimshika kichwa nageuka kuangalia kama daktari yupo. Labda nitazoea, labda sitazoea. Nikishindwa nitakwambia, sitakuficha.

Nisalimie Filemoni na mkewe, shangazi anayeuza dagaa sokoni Kasulu, na mama yangu mdogo wa Manyovu, mwambie kitenge alichonipa nimekishona. Edmundi anakuamkia sana.

Nina ombi moja, Mama. Wazazi wake Babu waliovuka kutoka Burundi, waliitwa nani? Nimejaribu kuwakumbuka usiku huu nikakuta simjui hata mmoja. Mwambie Filemoni aniandikie, na wewe umsimamie anapoandika.

Ni mimi mwanao,
Generoza