Namba ya Kodi ya Bwana Yangu

Jumatatu, 13 Aprili
Nimepiga tena simu ya msaada wa kodi. Mara ya sita leo. Muziki tu, halafu mashine: tafadhali ngoja. Eti subira yavuta heri. Yangu imemaliza inite za simu.

Shida njo hii. Duka la vitenge liko kwa jina la bwana yangu, Ramazani. Wakati wa vita alienda Lokandu kwa pirogi, mutumbwi wetu wa muto, kutafuta chumvi. Hakurudi. Tangu hapo, miaka mingi sasa, naweka sahihi yake kwenye karatasi za kodi. Karani wa zamani alijua, akanyamaza. Huyu mupya hataki kujua mambo ya muntu. Deklarasiyo, ile hesabu ya kodi ya mwaka, lazima ipite kwa simu yao mupaka Ijumaa, na mwenye namba ya kodi aongee. Isipopita, wanapiga muhuri kwenye mulango. Duka likifungwa, tunakula nini, mimi na mama mukwe?

Jumanne, 14 Aprili
Reso hakuna, simu haishiki. Nimesimama nyuma ya stesheni ya gari la moshi, kwenye jua, simu juu kama mwendawazimu. Imeshika kidogo. Muziki uleule. Imekatika.
Nimelia. Kwa sababu ya muziki, jamani!

Jumatano, 15 Aprili
Muntu amejibu. Dada wa Kinshasa, Swahili ya kuokota, lakini heshima iko. Nikaeleza yote. Akauliza: mwenye namba ya kodi, Ramazani, iko muzima? Kama ni muzima, aongee mwenyewe. Kama amekufa, nilete karatasi ya kifo, namba igeuzwe kwa jina langu.
Nikakata simu. Nimewaambia watu reso ndiyo ilikata. Uongo. Niliogopa. Hapa Kindu kila muntu anasema "alipotea". Ndani ya neno hilo njo nilikuwa naishi miaka yote hii.

Alhamisi, 16 Aprili
Nimempata tena. Nimesema: amekufa. Mara ya kwanza kinywani mwangu. "Pole sana, mama," akasema, na hakuharakisha. Karatasi inatoka komini, ofisi ya mtaa, na shahidi wa damu lazima awepo.
Shahidi wa damu njo mama mukwe, Bi Mwamini. Mwingine hakuna. Yeye hakukubali matanga hata siku moja. Ndiyo maana mimi sikukaa eda ya mujane.
Nilimwambia jikoni. Akaniuliza: "Unamuua mwanangu kwa sababu ya vitenge?" Akanifukuza jikoni. Namuchukia. Hapana, simuchukii. Nimechoka, basi.

Baadaye. Kumbe jambo hili sikuliwaza. Akiandikwa amekufa, lazima nikae eda. Miezi minne na siku kumi, ndani. Na duka nani atalifungua? Akiwa muzima, serikali inafunga. Akiwa amekufa, nafunga mimi. Ee Mungu, unanichezea?

Ijumaa, 17 Aprili
Asubuhi Bi Mwamini alinikuta mulangoni. Amevaa, fimbo mukononi. Hakunisalimia. "Twende," akasema. Tukaenda komini pole pole, magoti yake hayamusaidii tena.

Karani wa komini akajaza jina, baba, mama, mahali pa kuzaliwa. Halafu akauliza tarehe ya kifo.

Tukaangaliana. Hakuna anayejua. Lini? Mwezi gani? Mvua, jua? Karani akangoja na kalamu yake.

"Andika leo," akasema Bi Mwamini. "Mupaka jana, kwangu alikuwa anaishi."

Karani akaandika: 17 Aprili. Bi Mwamini akabonyeza kidole gumba kwenye wino na karatasi, akakipangusa kwenye kanga.

Saa nane nikampigia dada wa Kinshasa, nikamusomea karatasi. Namba imegeuzwa kwa jina langu, deklarasiyo imepita. Muhuri hautakuja. Nikamushukuru. Nadhani nilimushukuru.

Nimekunja vitenge vyote. Nimefunga duka mimi mwenyewe, kwa miezi minne na siku kumi.

Bi Mwamini amenitandikia mukeka chumbani kwake, karibu na wake. Tumelia pamoja, kidogo, bila sauti. Leo njo siku ya kwanza ya eda.