Mume Wangu Amefungua Kiyoyozi Kabla ya Fundi wa Waranti

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba unijibu upesi maana fundi anakuja Alhamisi,

Naishi hapa Mesa, Arizona, na mume wangu Wendell, fundi mstaafu wa mabasi ya shule, na nikwambie ukweli, sijaona mwanamume mwenye mikono kama yake, mashine ya kufulia kaifufua, mlango wa gereji kaufufua, hata kinanda cha kanisani kinalia kwa sababu yake, na kila akikunja mikono ya shati mimi humtazama kama siku ya harusi. Sasa kiyoyozi kimezima katikati ya joto la Julai, na nyumba tulipoinunua ilikuja na waranti, mkataba wa kampuni kututengenezea mitambo ikichakaa, nikamwambia, "Wendell, wapigie simu," akanicheka, "Darlene mpenzi, waranti ni ya watu wasio na bisibisi!" Akapanda paani kilipo kiyoyozi, akabadilisha kifaa cha kuwashia feni kwa kingine alichotoa kwenye makopo yake ya vipuri, baridi ikapuliza mpaka jioni, tukampigia makofi, kisha ikaja harufu ya kuungua na mashine ikazima tena. Ndipo tukapiga simu. Mama mkwe wangu, Opal, ana moyo mgonjwa, tunamfunika taulo zilizoloweshwa, hataki kuondoka, anasema, "Wendell wangu atakitengeneza tu." Na Wendell anataka kurudisha kile kifaa cha zamani amwambie fundi hakugusa kitu, na mimi niseme hivyo hivyo, nami sijawahi kumwangusha wala sijawahi kudanganya kwa ajili yake, nishike lipi?

Darlene

Darlene,

Kwanza taulo. Ukimaliza kusoma hapa mpeleke Mama Opal maktaba, kanisani, kwa jirani, popote penye baridi. Moyo mgonjwa hauwezi kungoja Alhamisi. Akinuna, mwambie anikasirikie mimi.

Sasa huyo bwana. Nimempenda, sikufichi. Anayetengeneza kinanda cha kanisa si mtu wa kubezwa. Lakini nyote wawili mmeuweka mkataba kabatini bila kuusoma, kama picha ya harusi! Waranti ya nyumba si bima. Bima ni ya moto na dhoruba. Waranti ni ya kitu kilichochakaa kwa kutumika. Kwa kawaida hailipii kilichokosa kutunzwa, wala kilichoharibiwa na matengenezo ya mwenye nyumba, na mikataba mingi husema piga simu kwanza, usiguse. Usomeni wenu leo. Inawezekana kilichochoka kabla Wendell hajapanda paani kinalipiwa, na kilichoungua baadaye hakilipiwi, ila fundi atavitenganishaje akidanganywa? Na alama ya kuungua ataiona tu. Mkishikwa na uongo mtakosa hata haki yenu.

Kwa hiyo kifaa cha zamani kiwekeni mezani, fundi akione. Tafuteni risiti za vichujio vya hewa vya kiyoyozi, maana mtu kama Wendell hawezi kukosa kubadilisha vichujio, na hizo zitaonyesha mashine ilitunzwa. Wakikataa, waandike ni kifungu gani. Wakikataa kwa haki, lipeni bila kinyongo.

Uongo wake usiuseme, na usidhani unamwangusha. Unampenda kwa mikono yake, basi asiikane. Alhamisi apande na fundi, aseme, "Hii niliifungua mimi, na hapa ndipo nilipokosea." Wewe mshikie ngazi.